Bakuli la Bi Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa bakuli la uji wa moto!

Uji kala nani?

Hajulikani!

Na anayejua?

Yuko darini!

Haya, itikieni kwa nguvu, msiitikie kama wagonjwa. Na wewe mwenye simu, igeuze kifudifudi. Ukitaka kuchungulia, nichungulie mimi.

Hapo kale, wakati wanyama wanakaa mjini na sahani zinatembea, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Mchongomani. Nasema sahani zinatembea nanyi mnacheka. Zilikuwa zikitembea! Ukipika chapati, sahani inakwenda kwa jirani. Jirani akichemsha mihogo, sahani ile ile inarudi na mihogo. Hairudi tupu hata siku moja. Mwenye dhiki kabisa alirudisha na ndimu na chumvi kidogo, na wala hakuna aliyemcheka. Tulimcheka akishaondoka.

Mji ulikuwa na kisima kimoja, soko moja, na duka moja la vyombo, la Mzee Kima. Umbea ndio ulikuwa mwingi. Na kwa kuwa duka lilikuwa moja, mabakuli ya mji mzima yalifanana: ya bati, buluu ndani, buluu nje. Ukiazima la mwenzio siku ya harusi, utalijuaje? Basi wanawake wakaweka alama. Bi Chura alichora mstari mwekundu. Bi Bata alichora unyayo wake. Bi Kanga, Mungu amrehemu, alitia madoadoa meupe kwa rangi iliyobaki alipopaka mlango wake.

Alama walizitia wapi? Chini, kwenye makalio ya bakuli, mahali usipopaona mpaka uoshe. Wanawake wote walizijua alama hizo. Wanaume walikuwa barazani, wanacheza bao.

Huyo Bi Kanga alikuwa mjane, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Che-kele! Che-kele! Ukiisikia unajua kuna kitu kimeiva. Asubuhi hiyo jirani yake wa ng'ambo ya soko, Bi Bundi, alikuwa ndani, anaatamia mayai yake ya kwanza. Na kwetu mzazi hapiki, hupikiwa. Bi Kanga akatoa bakuli lake kubwa kuliko yote, akalijaza uji wa pilipili manga, akalifunika kwa kawa, akajitwika, huyoo!

Hakurudi.

Kesho yake wakakuta manyoya yake, yale yenye madoa, chini ya mti wa Bi Bundi. Mwili hakuna. Bakuli hakuna. Kilio kikaanza. Wakazika manyoya kwenye kitambaa cheupe, wakatandika mikeka ya matanga.

Sasa mwenyekiti wa mtaa alikuwa Mzee Kenge. Mlimjua? Mrefu toka hapa hadi pale mlangoni, mkia kama mchi, tumbo kama gunia. Sahani zilikwenda kwake, hazikurudi. Akisema, mji unanyamaza, maana mkia ule ulikuwa ukivunja miguu ya watu. Akasimama kwenye matanga, akatoa ulimi, akaurudisha.

"Nani halali usiku?" akauliza.

"Bundi!" wakaitika.

"Nani ana kucha?"

"Bundi!"

"Nani Bi Kanga alikuwa anakwenda kwake?"

"Bundi!"

Bi Bundi akasema, "Jamani, uji haukunifikia. Bi Kanga sikumtia machoni. Nimekaa na njaa mpaka leo."

"Anasema ana njaa! Mmemsikia wenyewe?" Kenge akapaza sauti. "Hukumu ni hii. Siku ya kuanua matanga, Bundi atahama mji. Na mayai yake, kwa usalama, nitayahifadhi mimi."

"Utayahifadhi wapi, Mzee?" Bi Chura akauliza.

"Mahali penye joto," Kenge akajibu, akajipapasa tumbo.

Watu wakainama.

Lakini juu ya dari alikuwapo mmoja. Chek-chek-chek! Mjusi. Yule mdogo, mweupe, anayekaa nyumba zote asilipe kodi. Mjusi alikuwa mmbea namba moja wa Mchongomani, na shoga yake mkubwa alikuwa Bi Chura, mpishi mkuu wa shughuli zote. Mjusi huona, Chura husema. Wakipatana, siri haina pa kukaa.

Mjusi akateremka ukutani.

"Shoga, Bundi hakumla yule."

"Wewe umejuaje?"

"Bundi anaatamia. Umewahi kuona mzazi anaacha mayai yapoe akafukuze mtu njiani? Na kama kala mtu, bakuli kalila pia?"

Chura akafumba jicho moja. "Lile bakuli!"

"Tukilipata bakuli, tumempata mtu. Bi Kanga ulimwona asubuhi ile?"

"Nilimwona, alipita pale kisimani. Alikuwa na bakuli kichwani, tena limefunikwa. Nikamwambia shoga, nionjeshe. Akanambia, ngoja uzae na wewe."

Wakacheka, kisha wakalia, kisha Mjusi akaenda zake. Chek-chek-chek, hodi kwa Bi Bata.

"Bi Kanga ulimwona?"

"Nilimwona, alipita hapa sokoni."

"Bakuli?"

"Kichwani, limefunikwa."

Mbele ya soko, kabla hujafika mti wa Bundi, kuna nyumba moja tu. Chek-chek-chek, hodi kwa Mzee Kenge.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Nani ananiita Ami?"

"Mimi Mjusi. Wewe mtambaazi mkubwa, mimi mtambaazi mdogo. Si ndugu?"

"Ndugu yangu gani, wewe uzi wa kushonea! Unataka nini?"

"Bi Kanga ulimwona?"

"Sikumwona. Hakupita hapa. Hata sauti yake sijaisikia mwezi mzima."

Bi Kanga, asisikike! Che-kele ile ilisikika mpaka mji wa pili. Mjusi akasema ahsante, Ami, akajifanya anakwenda, akaingia kwenye ufa wa ukuta mpaka jikoni.

Jikoni kwa Kenge hakukuwa na chombo. Mtu anayekula kwa watu anunue chombo cha nini? Palikuwa na kata moja na kikombe kisicho na mkono. Na kando yake, juu ya kinu, limekaa bakuli kubwa la bati, buluu ndani, buluu nje, na uji mkavu umeganda ukingoni.

"Ndilo," Mjusi akanong'ona. Ila mabakuli ya mji yanafanana yote. Alama iko chini. Sharti aligeuze!

Akasukuma. Yaa! Bakuli kimya. Akasukuma kwa kichwa. Yaaa! Bakuli kimya. Akasukuma kwa mgongo. Yaaaa! Mara akasikia nyayo: buruu, buruu, buruu. Kenge huyo! Mjusi akaruka ukutani, mkia ukanaswa chini ya bakuli, kacha! Ukakatika, ukabaki pale unarukaruka.

Kenge akautazama. Mwenye akili angejiuliza, mkia huu wa nani, na umefuata nini jikoni kwangu? Kenge aliona kinyama. Akaumeza. Hakujiuliza.

Mjusi akafika kwa Chura bila mkia, anahema.

"Bakuli liko kwake!"

"Uliiona alama?"

"Sikuweza kuligeuza."

"Basi hujaona kitu. Atasema ni la mama yake. Na nani wa kuingia jikoni kwa mwenyekiti?"

Mbali kidogo walimsikia Bi Bundi akiyaimbia mayai yake kwa sauti ya chini, huu, huu, wimbo wa kuyaaga. Chura akajifuta jicho kwa kiganja.

"Tusiingie kwake," Mjusi akasema. "Litoke lenyewe. Shoga, siku ya kuanua matanga unapika nini?"

"Wali wa nazi na mchuzi wa kunde."

"Mchuzi utie tui la kwanza. Zito. La kugandia bakuli. Na useme vyombo vimepungua."

Siku ya kuanua matanga ikafika. Alfajiri Jogoo akatangaza mtaa kwa mtaa: "Kokoikooo! Vyombo vya shughuli vimepungua! Kila mtu aje na chake! Kitajazwa mpaka pomoni!"

Kenge akatoka mbio mpaka kwa Chura. "Bi Chura, ni kweli? Kila mtu chake?"

"Kweli, Mwenyekiti."

"Hata kikiwa kikubwa?"

"Hata kikiwa beseni."

"Kitajazwa?"

"Mpaka pomoni."

Kenge akarudi kwake. Akatazama kikombe. Akatazama kata. Akatazama bakuli. Mnadhani alichukua kipi?

Wanawake walikaa mikekani. Kenge akaketishwa mbele yao, kwenye kiti cha juu, peke yake. Bi Bundi alikaa pembeni, mayai yake yamefungwa kwenye kikapu, tayari kwa safari, ingawa safari ya mayai kila mtu aliijua ni fupi.

Chura akapakua. Kenge akala. Nyam, nyam, chwaa! "Ongeza!" Akaongezwa. Nyam, nyam, chwaa! "Ongeza!" Akaongezwa. Tumbo likashuka mpaka magotini. Wali ukaisha. Mchuzi ukaganda chini ya bakuli, mzito, mweupe, unanukia. Kenge akapeleka ulimi, haukufika. Mtu mwenye adabu angeacha. Kenge akalinyanyua bakuli kwa mikono miwili, akainua kichwa, akalifunika usoni.

Lamba, lamba, lamba.

Na chini ya bakuli, mbele ya wanawake wote wa Mchongomani, madoadoa meupe.

Bi Bata akaweka tonge chini. Mwingine akaweka. Ukabaki kusikika ule ulimi tu.

Lamba, lamba, lamba.

Chek-chek-chek, darini. "Ami, bakuli zuri. La nani?"

"La marehemu mama yangu," Kenge akajibu akiwa humo humo ndani.

"Mama yako alikuwa anatia madoadoa?"

"Mama yangu alikuwa na kila kitu!"

Kisha kutoka pembeni ikaja sauti ndogo, ya mtu asiyelia tena. Bi Bundi.

"Mwenyekiti, uji wangu ulikuwa mtamu?"

Kenge akateremsha bakuli. Akaona macho. Hayamtazami usoni, yanatazama bakuli. Naye akaligeuza, alitazame. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona makalio ya bakuli tangu azaliwe. Mchuzi uliobaki ukamwagika kifuani, tititi.

"Hii alama," akasema, "imetoka wapi?"

"Imetoka kwa Bi Kanga," Bi Bata akamwambia. "Asubuhi nzima umelijaza wali wetu, na manyoya yake uliyatupa wewe chini ya mti wa Bundi."

Kenge akainua mkia apige. Mkia haukunyanyuka, tumbo limeukalia. Akanyanyua mguu akimbie, mguu haukutoka. Wanawake wakainuka na miko, na michi, na vifuniko vya sufuria. Pu! Pa! Pu! Ngwa! Kenge akajikokota, akabingirika mpaka mtaroni, akatumbukia chubwi! Toka siku ile hakurudi mjini. Ndiyo maana mpaka leo ukimwona mtaroni anatoa ulimi, anaurudisha, anatoa, anaurudisha. Anatafuta ule mchuzi.

Watu walimwangukia Bi Bundi miguuni, wakamwomba radhi. Alisamehe. Polepole, lakini alisamehe. Na Bi Chura akaliosha lile bakuli, juu na chini, akalijaza uji wa pilipili manga, akalifunika kwa kawa, akajitwika mwenyewe, yeye na mwendo wake ule wa kurukaruka. Nusu ulimwagika. Lakini safari hii ulifika.

Mayai yalipoanguliwa, Bi Bundi alikwenda mpaka nyumba ya Bi Kanga. Mlango umefungwa, ule mlango mweupe. Akaliweka bakuli kizingitini, na ndani yake unyoya mmoja laini wa kinda wake wa kwanza. Bakuli la jirani utalirudishaje tupu?

Bibi yangu, aliyenipa ngano hii, akifika hapo alikuwa anachambua mchele kana kwamba kuna jiwe kubwa. Nami nilikuwa mdogo, nadhani ni jiwe kweli.

Siku hizi mnakula kwenye sahani za plastiki, mkimaliza mnatupa. Jirani humjui jina. Ukiliwa na kenge, nani atajua? Atajua mwenye nyumba siku ya kodi.

Haya, fundisho. Fundisho la ngano hii ni kwamba umbea ni mbaya sana, na mtu asichungulie jikoni kwa watu. Mmesikia? Na la pili, wanaume jifunzeni kuosha vyombo. Kenge angeosha bakuli hata mara moja, leo angekuwa mwenyekiti, na mayai angeyala kwa amani.

Ngano yangu imeiva, nimeiepua, nimeifunika kwa kawa. Atakayeifunua aongeze chumvi yake.

Na wewe, Mwanahamisi, usiondoke kwanza. Bakuli ulilokuja nalo, lile la ubuyu, hebu ligeuze.

Ligeuze tu, mwanangu, tuone.