Kwa Nini Vipanga Njia Husalimiana Bila Kuchoka

Siku hizo, wanangu, vipanga njia havikuwa na desturi ya kusalimiana. Visanduku hivi mnavyojifunza kuvifunga ukutani, vyenye kazi ya kusukuma ujumbe kutoka waya hadi waya, vilikaa kimya kama wake wenza waliokosana. Kila kimoja kiliambiwa na jirani njia anazozijua, kikazishika, kikajiona kimehitimu.

Walikuwapo majirani watatu: Mtoni, Kilimani na Shambani. Waya wa Kilimani ulikwenda moja kwa moja hadi zahanati, naye akaringa kwa hilo. Alimwambia Mtoni kila ujumbe wa zahanati aupitishe kwake. Shambani naye alikuwa na njia ya kuzungukia shuleni, lakini kwa kuwa ni ndefu, hakuna aliyemuuliza, na yeye si msemaji.

Asubuhi moja jembe la mkulima likakata waya wa Kilimani. Wakati huo kule zahanati mkunga Nyamizi alikuwa na mzazi anayetokwa damu, na alikwisha kumuuliza daktari aliye mbali dawa ampe kiasi gani. Jibu likaingia kwa Mtoni, Mtoni akalisukuma kwa Kilimani.

Kilimani akaona haya kusema amekatikiwa. Akamuuliza Mtoni kama anajua njia ya zahanati. Mtoni akasema anaijua sana, akasahau kwamba aliyemfundisha ni Kilimani huyohuyo. Basi jibu likarudishwa kwa Mtoni, Mtoni akalipeleka kwa Kilimani, Kilimani akalirudisha tena. Na ujumbe, wanangu, huzaliwa na pumzi za kuhesabu. Kila kisanduku unachopita huchukua moja, zikiisha hufa njiani. Hapa mimi hukasirika hata leo.

Kilimani alipoliona jibu linahema, huruma ikaishinda haya. Akawatangazia majirani wote: "Waya wangu umekatika. Kwangu hakuna njia ya zahanati, msinipitishie."

Shambani akasema taratibu, "Mimi ninayo. Inazunguka, lakini inafika."

Jibu likapita huko, likafika na pumzi ya mwisho. Nyamizi akalisoma, akachoma sindano, damu ikakata. Mama yule alimnyonyesha mwanawe jioni ileile, nasi tukafurahi kupita kiasi.

Majirani wakakubaliana. Habari ya njia usimrudishie yule aliyekupa. Ukikatikiwa, sema kabla hujaulizwa. Msalimie jirani kila mara, na asiyeitikia ahesabiwe amekatika, ujumbe utafutiwe pengine.

Na tangu siku hiyo vipanga njia havinyamazi. Ofisi ikifungwa na watu wote wakaenda zao, mkaona taa za visanduku bado zinakonyeza, msizizime eti mnabana umeme. Vinaulizana, "Upo?" Vinajibizana, "Nipo."