Kiti cha Tatu cha Bodi ya Parole

Hapo zamani, usiku, baragumu lililia mara moja tu: puuuu! Mji wote wa Kivumoni ukaruka kitandani. Gavana ameteua!

Asubuhi watu walifurika bungeni, wengine wakining'inia madirishani. Kiti kilikuwa kimoja, kiti cha tatu katika Bodi ya Parole, ile inayoamua mfungwa yupi arudi nyumbani kabla kifungo chake hakijaisha. Bila watu watatu bodi haikai, na miaka miwili ilikuwa haijakaa. Lakini gavana alishindwa kuchagua. Akaleta watatu, Bunge limthibitishe mmoja.

Na desturi ya Kivumoni ilikuwa hii: mteuliwa hathibitishwi mpaka asimame amtaje kwa jina mfungwa wa kwanza kwenye foleni. Huwezi kumwamulia mtu usiyeweza kumwita kwa jina.

Akasimama Chengo, askari jela mstaafu.

"Mheshimiwa Spika, nimelinda lango miaka thelathini. Sijapokea hata yai la mfungwa. Huyu wa kwanza ni Mia Nne na Saba. Hajavunja amri hata moja."

"Jina, afande!" watu wakapiga kelele.

Chengo akapepesa macho. "Kwangu wote ni namba. Namba haina kabila, haina mjomba serikalini. Ndiyo maana sikumpendelea mtu."

Wakapiga makofi!

Akasimama Matano, seremala, aliyefungwa miaka tisa kabla bodi hiyohiyo haijamwachilia.

"Mheshimiwa Spika, mimi nimelala humo. Anayejifanya malaika mbele ya afande, mimi najua taa ikizimwa akoje. Huyo wa kwanza ni Kobe. Nilipougua, alininywesha uji wake."

"Kobe ndilo jina alilopewa na mama yake?" Spika akauliza. Bunge likaangua kicheko.

"Jela hatuulizani ya nje, mheshimiwa. Ila moyo wake naujua."

Wakapiga makofi, madawati yakatetemeka!

Akasimama Bi Mwanasiti, muuza vitumbua. Bunge zima likageuka kumtazama. Nani asiyejua? Mfungwa huyo ndiye aliyemuua mwanawe wa pekee. Miaka kumi na miwili Bi Mwanasiti hakulitaja jina lake. Alimwita "yule", hata mahakamani, hata kwenye dua.

"Mheshimiwa Spika, hawa wanajua akoje ndani. Mimi najua alichokiacha nje. Akitoka, atapita mlangoni kwangu akienda sokoni. Aamuliwe bila mimi?"

"Shangazi, wewe utamwacha aozee humo!" Matano akaropoka.

"Na wewe uliyekunywa uji wake, utamnyima nini?" Akamgeukia Chengo. "Na wewe bwana namba, namba ikijuta utajuaje?"

"Eeeh!" watu wakashangilia, kofia zikaruka juu.

Spika akagonga meza. "Bibi, desturi ni desturi. Jina."

Bi Mwanasiti akafungua mdomo, akaufunga. Akashika ukingo wa meza.

"Nyanje," akasema. "Nyanje wa Kalama. Mleteni, nimsikilize."

Haya, ninyi mnaonisikiliza, leo ninyi ndio Bunge, desturi ni yenu kuishika au kuilegeza, na kura ni moja moja. Kiti apewe asiyempendelea mtu, aliyefungwa pamoja na Nyanje, au mama aliyelitamka jina? Je, nani alistahili?