Kucha za Mganga Sungura

Mwaka ule mto ulibaki mchanga mtupu. Maji yalikuwa chini, na aliyetaka kunywa alichimba kwa kucha zake. Simba, mfalme, alikuja kuchimba mbele ya raia ili wamwone. Akachagua mahali penye mwamba. Kobe akamwambia, "Mfalme, hapo pana jiwe." Simba akajibu kwamba mfalme haelekezwi, akapiga kwa nguvu zake zote. Jiwe halikumjua mfalme wala raia. Kucha zikavunjika.

Akajificha pangoni kwa aibu, kando ya lundo la matikiti mwitu aliyowatoza wanyama. Mlinzi wa lundo hilo alikuwa Fisi, ambaye kucha zake zilikuwa vigutu kwa kukwangua mifupa isiyo na nyama.

Sungura akapata habari. Akajipaka majivu usoni, akaingia pangoni kama mganga.

"Tumbo na kucha hugombania chakula kimoja," akasema. "Tumbo likishiba, kucha hulala njaa. Fungeni kula, mlale kivulini, vidole nivifunge majani visitikisike. Matikiti nitayaondoa yasiwatie tamaa. Kila asubuhi nitawaletea funda la maji."

"Nilijua hivyo tangu zamani," akasema Simba, ambaye hakujua lolote.

Fisi akamvuta mganga pembeni. "Nikifunga mara mbili, zangu zitampita mfalme?"

"Zitampita mbali, mzee wangu. Acha hata lile funda la maji."

Basi Fisi akaacha kula kwa ajili ya ulafi, jambo ambalo halijapata kuonekana.

Siku zikapita. Wale wawili walikonda hadi mbavu zikahesabika. Kucha hazikuongezeka, zilikauka na kuchanika kama ganda la kitunguu, maana mwili wenye njaa hauna cha kupeleka vidoleni. Sungura naye alikuwa kijana, ameshiba matikiti na maji yake, akiwanyima wanyama wengine, analala mahali penye joto, na hakugusa mchanga hata siku moja. Kucha zake zikaota upesi, na kwa kuwa hazikusugulika popote, zikarefuka hadi zikajikunja.

Asubuhi moja akaja kufungua majani. "Bado kidogo," akasema. "Ongezeni kufunga."

Simba alikuwa akiitazama mikono iliyokuwa ikimhudumia. "Mganga, hizo kucha umezipata wapi?"

"Ni ujana tu, mfalme. Kucha za kijana huota haraka kuliko za mtu mzima."

"Unaniita mzee?"

"Hapana, mfalme. Na hili joto la kiangazi nalo huzisukuma."

"Joto hili hili linalotuchoma sisi?"

Fisi hakuwa na akili, lakini pua alikuwa nayo. Akausogelea mkono wa mganga, akanusa chini ya ukucha. Palikuwa na nyama ya tikiti, mbichi, na mbegu moja.

"Hii ni sehemu yangu," akasema polepole.

Sungura akaruka nje. Siku nyingine wasingemwona hata vumbi, lakini kucha zile zilizojikunja zikanasa kwenye mizizi, akaanguka. Akainuka, zikanasa tena. Fisi, aliyekuwa hawezi hata kusimama sawasawa, akamfikia kwa kutambaa.

Simba alitaka kumla. Wanyama waliokusanyika wakasema, "Kwanza achimbe." Sungura akasukumwa mtoni, akamchimbia maji kila mnyama aliyekuwa amemwomba tikiti akanyimwa, mpaka kucha zikalika zikafika nyamani. Nyani walikaa ukingoni wakimuuliza dawa ya vidole vinavyouma. Alipomaliza, alikunywa wa mwisho, matope.

Kisha akafukuzwa tu, hakuliwa, maana Simba alipoona maji alisahau hata hasira. Alitangaza kwamba alijua yote tangu mwanzo, na kwamba alifunga ili kumjaribu mganga. Raia waliinamisha vichwa, wasionekane wakicheka. Fisi peke yake alimsadiki.

Njia ya mwongo ni fupi.