Fundi Mgaza na Gari la Bi Mwanahamisi

Asiyekomba hajazi. Mnaisema kila mkiosha mitungi, wajukuu zangu, wala hamjui kwamba ilitoka gerejini. Ilianza hivi, pale Korogwe.

Bi Mwanahamisi aliachiwa na marehemu mumewe gari kuukuu, lenye kiyoyozi cha gesi ya zamani isiyouzwa tena madukani. Kwa presha yake, kwenda kliniki Tanga mjini bila ubaridi ilikuwa hatari. Fundi Mgaza akaahidi kukigeuza kitumie gesi mpya. Lakini haraka haraka haina baraka: aliijaza juu ya mafuta yaleyale ya kale ya kulainisha kiyoyozi, yasiyopatana nayo. Siku ya pili kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kiyoyozi, ikakoroma, upepo ukawa moto, na bibi akashushwa Muheza hajiwezi.

Mgaza aliona aibu, hata chai ikamshinda. Mhina, mwana wa bibi, hakumung'unya maneno.

"Jumamosi mnunuzi anakuja. Gari linauzwa."

Bibi akalia. Ndilo gari lililompeleka harusini.

"Kosa ni langu, Bwana Mhina," Mgaza akasema. "Niachie mpaka hiyo Jumamosi."

Safari hii alitoa gesi yote akaifungia mtungini. Akafungua mabomba, akayasafisha mpaka tone la mwisho la mafuta ya kale likatoka. Akabadilisha mipira ya maungio na chujio la unyevu, akatia mafuta yanayopatana na gesi mpya. Jumamosi Mhina na mnunuzi wakamkuta pampu yake inanyonya hewa iliyobaki.

"Fundi, tumekuleta ujaze, siku ya tatu unatoa tu!"

Mnunuzi akacheka mpaka akashika mbavu. Mgaza hakuinua kichwa.

"Asiyekomba hajazi, bwana. Subirini."

Alipozima pampu aliukodolea macho mshale wa geji robo saa nzima. Haukutikisika, maana yake hapakuwa panapovuja. Ndipo akaingiza gesi mpya kwa mizani, pungufu kidogo ya kipimo cha ile ya zamani, akawasha injini.

Bi Mwanahamisi akaingia, akafunga vioo. Jua la saa saba lilichoma bati za gereji, na wote wakamtazama yeye. Baada ya dakika kumi Mhina hakuvumilia, akafungua mlango. Ubaridi ukampiga usoni.

"Funga, mwanangu," bibi akasema, kajitanda kanga mbili. "Unanimalizia baridi yangu!"

Gereji ikalipuka kwa vifijo. Mgaza alirukaruka kwa furaha, mtu mzima na ndevu zake. Mnunuzi akaondoka kwa miguu. Mhina akashika usukani, akampeleka mama yake kliniki na kumrudisha salama, na kila aliyeuliza njiani gari hilo limeponaje, alimjibu kwa kujivuna kana kwamba kalitengeneza yeye: asiyekomba hajazi.