Mguu wa Meza Iliyoombewa

Nani anabeba lawama yako leo?

Usimwangalie jirani. Nimekuuliza wewe, uliyekunja mikono hapo kana kwamba mahubiri haya yameandaliwa kwa ajili ya kwaya. Ni nani, nyumbani kwako au kazini kwako, ametembea wiki nzima na kosa ambalo si lake, na wewe unajua vizuri ni la nani? Fikiri kidogo. Wakati unafikiri, nikusimulie mfano.

Kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja mstaafu, katika mji mmoja wa baridi, ile miji ambayo misitu ya paini inaanza pale nyumba zinapoishia, na mbao zinauzwa kila kona. Watu walimwita Baba Ombeni, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa mzee wa jumuiya, ndiye aliyeongoza ibada za nyumba kwa nyumba. Sala zake zilikuwa ndefu, na suruali zake zilikuwa na mstari wa pasi hata siku ya kufyeka majani. Alipostaafu akachoka kukaa. Akaanza kuangalia video za useremala kwenye simu. Mnawajua watu wa namna hii. Jana kaangalia video, leo kaja kwako anakukosolea kitanda.

Basi akanunua randa, patasi na msumeno, akageuza banda la kuku kuwa karakana. Kuku wakahamia jikoni kwa Mama Ombeni, ambaye hakuulizwa. Kisha akasimama kwenye jumuiya akatangaza: "Zamu ya nyumbani kwangu ikifika, chai mtanywea juu ya meza niliyoitengeneza kwa mikono hii." Akaiinua mikono yenyewe, watu waione. Makofi yakapigwa. Meza haipo, mbao hazijakatwa, makofi tayari. Mimi nadhani mguu wa meza hiyo ulianza kupasuka siku ile.

Meza yenyewe ilikuwa ya sebuleni, ile fupi ya kuwekea vikombe mbele ya makochi. Na tumtendee haki: ubao wa juu aliupatia. Miguu mingine aliipatia kwa tabu, lakini aliipatia. Ukabaki mguu wa mwisho, na kesho yake wageni wanakuja. Ncha ya mguu ilitakiwa iingie kwenye tundu alilolichonga, nayo ilikuwa nene kuliko tundu. Dawa yake ni patasi: unaipunguza taratibu, unajaribu, unapunguza tena. Lakini mwalimu mkuu alikuwa na haraka. Akachukua nyundo. Akapiga, ikaingia nusu. Akapiga kwa nguvu zaidi, akasikia sauti kama ya mtu anayevunjia muwa gotini.

Ufa ulitoka juu ukashuka hadi karibu na katikati ya mguu.

Sasa nauliza, hapo kuna dhambi gani? Hakuna. Mbao inapasuka. Hata ya fundi mzoefu inapasuka. Duka la mbao lilikuwa ng'ambo ya barabara. Angevuka akachukua kipande kingine. Au angesema, "Jamani, meza bado, shikeni vikombe mikononi." Kuna mtu gani aliwahi kufa kwa kushika kikombe mkononi?

Lakini alishapigiwa makofi.

Akainama akakusanya unga wa mbao uliodondoka chini ya msumeno. Akauchanganya na gundi, akaushindilia ndani ya ufa kwa kisu cha kupakia siagi cha Mama Ombeni. Ulipokauka akapiga msasa. Akapaka vanishi, akapaka tena. Ufa ukatoweka. Wapendwa, mguu ule ukang'aa kuliko miguu mizima.

Mama Ombeni alipita akainama kuangalia. "Huu mbona una kamstari?"

"Ni mshipa wa mbao huo. Paini ndivyo ilivyo."

"Haya, fundi."

Akatandika juu yake kitambaa alichokifuma mwenyewe, cheupe, chenye pindo refu lililoning'inia kando. Masikini, hakujua anafunika nini.

Jumuiya ikaja. Nanyi mnajua desturi yetu. Mtu akipata pikipiki, tunaiombea. Akipata friji, tunaiombea, na tunamkemea shetani asikae kwenye waya. Basi wakaizunguka meza, wakaiwekea mikono, mama mmoja akaomba kwa sauti kwamba adui asiikaribie. Ikaombewa vizuri sana. Hakuna aliyeitikisa.

Alikuwepo bibi mmoja mjane, Bibi Melania. Masikio yake yalikuwa yamepunguza kazi, kwa hiyo walimkalisha mbele kabisa, miguu yake karibu na meza, apate kusikia neno. Akaipapasa meza akasema, "Baba Ombeni, ulichelewa wapi? Ungeanza kazi hii ujanani ungenichongea mume mwingine."

"Mume wa paini, bibi?" shemasi wa jumuiya akadakia. "Huyo ataoza masika ya kwanza."

"Afadhali. Yule wa kwanza alioza hata kiangazi."

Watu wakacheka hadi wakafuta machozi. Baba Ombeni naye akacheka. Nataka mkumbuke kwamba alicheka. Alikuwa anajua, na alicheka.

Katika nyumba ile kulikuwa na binti wa kazi. Namtaja jina, kwa sababu wengi wetu tunaishi na mabinti hawa mpaka wanaondoka, na jina pekee tunalolijua ni "wewe dada". Jina lake ni Yusta. Yusta akatoka jikoni amebeba sufuria kubwa ya chai ya maziwa, imetoka motoni sasa hivi, ameishika kwa matambara pande zote mbili, mvuke umemfunika uso. Akasimama.

"Baba, niweke mezani au niweke chini?"

Mnasikia swali hilo? Binti yule hakujua anachouliza, lakini alimfungulia mzee mlango mpana kabisa. Neno moja tu lilihitajika: chini. Hakuna ambaye angeuliza kwa nini. Chai ingenywewa, sala ya kufunga ingesemwa, watu wangeenda kwao.

Shemasi akatania, "Au meza ni ya kupigia picha tu, mzee?"

Sebule nzima ikamgeukia. Na Baba Ombeni akasema, "Weka mezani, Yusta. Kwani nimetengeneza pambo?"

Yusta akaiweka. Aliiweka taratibu, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Akaachia mikono. Mguu ukakatika.

Chai yote ilimwendea Bibi Melania miguuni. Sauti aliyoitoa bibi yule siwezi kuiiga, na sitajaribu. Ule ni mji wa baridi. Alikuwa amevaa soksi nzito za sufu, na soksi za sufu zinashika maji ya moto haziachii. Walipomvua soksi, ngozi ilikuja nazo.

Na kabla mtu yeyote hajasema lolote, kabla hata ya "Yesu wangu", kuna sauti ilitangulia. Sauti ya mwenye nyumba.

"Yusta! Umefanya nini?"

Mimi nimemaliza chuo, nimesoma theolojia, nimesoma vitabu vinene kuhusu asili ya uovu. Hakuna ukurasa ulionishtua kama maneno hayo matatu. Angalieni jinsi yalivyotoka haraka! Mtu hakukaa akapanga. Bibi anaungua, na mdomo umeshampata wa kumbandika kosa. Tunajidanganya kwamba siku ya kujaribiwa tutapewa muda wa kutafakari. Hatupewi. Kinachotoka ni kile tulichokwisha kukishindilia ndani.

Mzee akishasema, wengine tunafanya nini? Tunaitikia.

"Ameibwaga!" mmoja akasema.

"Mabinti wa siku hizi, akili yote iko kwenye simu," mwingine akaongeza. Yusta hakuwa na simu.

Wapo waliomwona anaiweka taratibu. Walikaa hapo hapo, macho mazima, Wakristo kabisa. Wakanyamaza.

Asubuhi yake Baba Ombeni akaipasua meza kwa shoka, akaitia jikoni. Mama Ombeni akaivishia maharage. Kwa hiyo msisubiri mfano huu umalizike kwa mtu kuuokota mguu ule na kuuona ufa. Hakuna. Umekuwa majivu. Duniani alibaki mtu mmoja tu anayejua.

Bibi Melania akalazwa, akatoka na bandeji mpaka magotini, hasimami bila kushikwa. Jumapili ya Chakula cha Bwana ikakaribia, jumuiya ikasema haifai kwenda mezani pa Bwana na kinyongo. Wakaamua: Yusta apige magoti mbele ya bibi, sebuleni pale pale kwa Baba Ombeni, aombe msamaha, kisha arudi kwao. Mama yake akaitwa kumchukua. Alikuja, akakaa karibu na mlango, begi la mwanawe mapajani, macho chini. Alijua habari itafika kijijini kabla yao. Binti aliyemuunguza bibi kizee. Nyumba gani itampokea tena? Kijana gani atatumwa kwao kuposa?

Yusta akapiga magoti. Sasa sikilizeni alichosema, maana ndicho kilichonifanya nilete mfano huu.

"Bibi, nisamehe. Nisameheni wote. Niliiweka vibaya. Mwanzo nilikuwa nasema sikuibwaga, lakini nimewaza sana. Nadhani mikono yangu ilitetemeka. Siikumbuki ikitetemeka, ila nadhani ndivyo ilivyokuwa."

Mmesikia? Haigizi. Haombi msamaha ili yaishe. Binti ameamini! Ameaminishwa mpaka anakumbuka kitu ambacho hakikutokea. Tulidhani ukimtwisha mtu kosa lako unamchafulia jina tu. Kumbe unaingia mpaka ndani, unamwondolea hata mikono yake mwenyewe, haiamini tena.

Na sisi tufanye nini na habari hii, turudi nyumbani tukasema mahubiri yalikuwa mazuri? Humu ndani kuna mume ambaye kwa miaka amemwambia mkewe kwamba nyumba haina amani kwa sababu ya mdomo wake. Mama wa watu sasa anafunga na kuomba, Mungu amponye mdomo. Mdomo wake hauna ugonjwa wowote! Kuna mzazi aliyemwambia mtoto "wewe ndiye unayenitia hasira", na mtoto ametembea na hasira ya mtu mzima kama mkoba wa shule. Kuna mkuu wa ofisi aliyekosea, akamsimamisha mbele ya wote kijana wa chini yake, na kijana akasema "samahani bosi", na yule bosi, Bwana na atuhurumie, akaipokea ile samahani.

Nami siwaulizi habari za nyufa. Nyufa tunazo wote, na Mungu hajawahi kushangaa mbao kupasuka. Nauliza habari za gundi. Nauliza ule unga unaoushindilia na kuupaka vanishi ukang'aa, halafu unawaita watu wauwekee mikono. Na wewe uliyeweka mkono, uliyeomba kwa sauti, ulishindwaje kuitikisa? Uliona binti anaiweka taratibu. Ulisema nini? Unaogopa kumwaibisha mzee, lakini hukuogopa kumpigisha magoti mtoto wa mtu.

Turudi sebuleni, tumalize.

Bibi Melania alipomwona Yusta chini akaanza kugomba. "Mnampigisha magoti ya nini? Nyie mlikuwa mnapiga kelele, huyu ndiye aliyekimbia akaniletea ndoo ya maji ya baridi. Mimi nilimsamehe siku ile ile. Inuka, mjukuu wangu, sakafu ina baridi."

Lakini Yusta hakuinuka, kwa sababu utaratibu ulikuwa haujaisha. Shemasi akakohoa, akasema, "Basi, tumeshukuru, bibi amesamehe. Mzee wetu, tuombee sasa. Mwekee binti mkono, tuufunge msamaha huu, aende kwa amani."

Watu wakainamisha vichwa. Macho yakafungwa. Baba Ombeni akasogea, akaweka kiganja juu ya kichwa cha Yusta, kile kiganja alichokiinua siku ya makofi.

"Ee Mungu Baba," akaanza. "Tunamleta mbele zako binti huyu, ambaye..."



Watu wakangoja. Wanajua sala zake ni ndefu, wakadhani anavuta pumzi. Chini ya mkono wake Yusta akasema polepole, "Amina," akidhani imekwisha.

"Baba Ombeni?" mkewe akanong'ona.

Macho yakaanza kufunguka, moja moja. Wakamkuta ameutoa mkono, anautazama. Akashuka chini na suruali yake ya mstari wa pasi, magoti yake mbele ya magoti ya binti wa kazi. Akasema, si kwa sauti ya sala, kwa sauti ya mtu tu:

"Mguu niliupasua mimi, kwa nyundo. Nikauziba kwa gundi na unga wa mbao, nikaupaka vanishi msiuone ufa. Yusta aliniuliza aweke wapi, nami nilijua, nikamwambia mezani."