Shimo la Siafu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini, bibi?
Pakawa mji ambao watu wake walisalimiana wakitazama chini.

Basi, mji huo ulitawaliwa na zimwi. Alichimba shimo, akalijaza siafu, akalifunika kwa jiwe la uchawi. Kila aliyetiwa humo aliulizwa: "Nani alinicheka? Nitajie mmoja, utoke."

Anayetajwa huingia yeye zamu yake ikifika, wala haambiwi nani kamtaja. Aliyetoka hasemi alimtaja nani, na kila siri ilizidisha uzito wa jiwe.

Siku moja akatiwa Somoe, msuka mikeka. Siafu wakamfika miguuni, akanyamaza. Wakamfika magotini, akanyamaza. Wakamfika shingoni, akapiga ukelele: "Kibibi! Kibibi alikucheka!"

Uongo mtupu! Kibibi alikuwa shoga yake tangu utotoni.

Kibibi akatiwa shimoni. Siku ya kwanza hakumtaja mtu. Siku ya pili hakumtaja mtu. Siku ya tatu hakumtaja mtu, na sauti yake ikaanza kufifia.

Siku hiyo watu walikuwa wakiombana radhi kabla ya kufunga Ramadhani. Nyumba hadi nyumba: "Nisamehe nijualo na nisilolijua." "Nimekusamehe." Hapo ndipo walipokosea, wanangu. Kila mtu alijificha ndani ya maneno yale.

Somoe akapiga hodi kwa Bi Mize, mama yake Kibibi. Akapewa uji, akauweka chini. Aibu ilimuuma kuliko siafu.

"Nisamehe, mama, nijualo na..." Akakwama. "Hapana. Ninalijua. Mimi ndiye niliyemtaja Kibibi, na wala hakucheka."

Bi Mize akakaa chini.

"Na wewe, mwanangu, unamjua aliyekutaja?"

"Simjui."

"Ni mimi. Walinifika shingoni, nikasema jina lako."

Wakalia wote wawili. Kisha wakatoka, wakaungama mlango kwa mlango, na kila mlango ukajibu: "Hata mimi nilimtaja mtu."

Wakaenda shimoni. Jiwe likanyanyuka kama ungo, wakamvuta Kibibi, yu hai.

Zimwi akaja mbio. "Nani amenicheka?"

"Sote!" wakasema, wakamsukuma ndani. Siafu wakammaliza.

Somoe akamwambia Kibibi, "Mimi ndiye niliyekutaja," akamnyooshea mkono. Kibibi akautazama.

"Nitaupokea, Somoe," akasema. "Lakini si leo."

Kibibi akaenda kwake, Somoe akamfuata hadi mlangoni. Hadithi yangu imeishia hapo, Somoe bado anangoja. Ukimkosea mtu, mwambie ulichomtenda, ndipo umwombe radhi.