Mgawa Maji na Mfereji wa Nyumbani

Baba zangu, mmeniita mimi mwanamke niwafundishe leo, basi msinune nikiyasema ya kwenu.

Huko milimani Upare palikuwa na mwanamume jina lake Mbonea, na kazi yake ilikuwa kugawa maji. Kijiji chao kilikuwa na ndiva, yaani bwawa dogo la mawe na udongo, ambalo hujazwa usiku na kufunguliwa asubuhi ili kila shamba lipate zamu yake. Mbonea alishika fimbo ya kupimia kina kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyewahi kumlalamikia. Alikuwa na desturi moja. Mkulima akija kusema shamba lake limekauka, Mbonea hakumwita mvivu. Aliinuka, akaufuata mfereji kwa miguu kutoka shambani hadi kwenye chanzo, mpaka aone maji yanapotelea wapi. Alipenda kusema kwamba shamba halina kosa mpaka mfereji wake ufuatwe.

Mtu huyo alikuwa na mke, Nakundwa, mama wa mtoto wao Anaeli, na walikuwa wamekaa pamoja miaka thelathini kwa mapenzi. Nasema mapenzi kwa sababu nawajua. Nakundwa alipofika miaka hamsini na moja, damu ya mwezi ikawa inakuja na kupotea, kisha ikapotea kabisa. Usingizi nao ukaondoka. Joto lilimpanda kutoka kifuani hadi usoni hata asubuhi ya baridi, khanga ikalowa jasho, kisha akatetemeka. Siku moja alilia kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Mwisho akahamishia godoro lake chumba kidogo chenye dirisha kubwa, wala hakueleza, maana hata yeye hakuelewa. Aliogopa kwamba anaingiwa na wazimu.

Na Mbonea je? Hakumuuliza mkewe neno. Alimuuliza dada yake, akaambiwa, "Mke amekuchoka huyo." Akamuuliza rafiki yake, akaambiwa, "Hapo kuna mkono wa mtu, umerogwa." Kila aliyeulizwa alikuwa na jibu, na mwenye mwili hakuulizwa. Mbonea aliumia sana, kwa kuwa alimpenda, na mwanamume aliyeumia huamua haraka. Akapanga kwamba maharage yakishavunwa atamrudisha Nakundwa kwa kaka zake, akatulie huko. Ndoa ya miaka thelathini ilikuwa inakwenda kuishia kwenye begi moja la nguo.

Siku tatu kabla ya safari hiyo, Nakundwa alimpelekea uji ndivani, kama alivyofanya kila asubuhi, wazimu au si wazimu. Akamkuta na mkulima mmoja anayelalamika kwamba maharage yake ya mwisho yananyauka. Mbonea alikwisha kushika fimbo, anaanza kuupanda mfereji. Nakundwa akaliweka birika la uji chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Anaeli, shamba la mtu likikauka unapanda mlima kuuliza maji yamepungukia wapi. Mimi huu mwaka wa pili nakauka nyumbani kwako, umeniuliza lini?"

Yule mkulima akakumbuka ana shughuli mahali pengine. Mbonea akaketi ukingoni mwa ndiva na fimbo yake magotini. Kisha akamuuliza mkewe. Nakundwa akamweleza yote, mpaka uji ukapoa.

Hawakwenda kwa kaka zake. Walikwenda hospitali ya wilaya, wote wawili. Daktari, mama wa makamo, aliwauliza mengi: presha, matiti, damu kuganda miguuni, magonjwa ya ukoo. Akawaambia huu si uchawi wala si wazimu. Ni hedhi kukoma, na homoni ambazo mwili ulizizoea zimepungua. Mbonea akaitikia kwa kichwa. Mtu wa ndiva haelezwi mara mbili habari ya chanzo kilichopungua maji.

Wakaanza kwa kuutengeneza mfereji wenyewe, yaani maisha ya kila siku. Kila asubuhi Nakundwa alipanda hadi ndivani kwa mwendo wa haraka. Aliacha pilipili na ile chai ya rangi ya jioni, maana aliona vinamwamshia joto. Mboga za majani, dagaa na maziwa vikaongezwa kwa ajili ya mifupa, na blanketi zito likaondoka kitandani, zikaja shuka mbili. Miezi mitatu ikapita, akapata nafuu, lakini usingizi haukurudi wote. Ndipo daktari akampa vidonge vya homoni, kipimo kidogo, na kumtaka arudi kuangaliwa. Mdogo wake Nakundwa, aliyewahi kuugua saratani ya titi, alivitaka na yeye, akakataliwa, akapewa dawa ya namna nyingine. Alinuna wiki nzima. Mbonea ndiye aliyemtuliza. Alimwambia mfereji uliowahi kubomoka ukingo haufunguliwi maji yale yale, hutafutiwa njia yake.

Joto likapungua, usingizi ukarudi, na kicheko kikarudi. Nakundwa hakurudi kuwa msichana, na hakuna aliyemwomba awe. Mbonea naye akalibeba godoro lake, akahamia chumba kidogo. Dirisha lile huachwa wazi mpaka leo, na Upare mwezi wa saba baridi inang'ata, hivyo mgawa maji wetu hulala na sweta na kofia ya sufu. Kijiji kizima kinamcheka, na yeye hajali.

Sasa niambie, baba yangu, wewe unayeijua mifereji yote ya kijiji hiki hadi vyanzo vyake: wa nyumbani kwako umeufuata lini?